Jaji wa Chini ya Kochi

Hakuna binadamu aliyewahi kuigiza vizuri. Si maneno yangu hayo! Ni hukumu ya fundi makochi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Jaji, na hukumu ya Jaji haikuwa na rufaa. Wema hawajui kulia, wabaya hawajui kucheka, na wale wanaokufa hawajui kufa. Angepewa yeye tamthilia moja tu, eti watu wangelia mpaka waanike mazulia.

Ujuzi huo aliutoa kazini. Hakuwa na tabia ya kubeba kochi la mteja kulipeleka karakana. Alilitengeneza palepale sebuleni, na sebuleni ndiko iliko televisheni. Misumari aliigonga wakati wa matangazo. Tamthilia ikirudi, nyundo kimya. Kochi la kazi ya siku mbili lilimaliza wiki nzima kama mambo yamenoga. Wateja walimjua hivyo, ila mkono wake ulikuwa mzuri, wakamvumilia.

Sasa, kuna siri moja ambayo Jaji hakuwahi kumwambia mtu. Muda wote huo kichwa chake kilikuwa ndani ya kochi! Huko kwenye springi, mikanda, vumbi na vitana vilivyopotea tangu mwaka juzi. Tamthilia alizisikia tu. Nyumbani kwake, akikaa mbele ya televisheni, usingizi ulimchukua kabla hata jina la tamthilia halijaandikwa. Mwigizaji angemkanyaga mguu njiani asingemtambua. Lakini msikilize anavyochambua macho ya huyu na mwendo wa yule, utaapa amekula nao sahani moja.

Basi, binti yake wa pekee, muuguzi, akapata mchumba: kijana mpole, mwalimu wa hesabu. Wakaafikiana wazee wa kijana waje Jumamosi saa kumi jioni kuzungumza. Kijana aliwaeleza mapema kwamba baba yake mdogo ndiye msemaji, lakini mwenye neno la mwisho ni shangazi aliyemlea. Shangazi akikataa, imekwisha. Kazi ya shangazi hakuitaja. Alitaka aheshimiwe kwa ushangazi wake, basi.

Asubuhi ya siku hiyo binti alimshika baba yake mkono.

"Baba, leo nakuomba usihukumu kitu."

Jaji akaahidi. Na alimaanisha, maskini.

Wageni wakaingia. Baba mdogo mbele, kijana nyuma, na katikati mama mmoja mnene, mtulivu, aliyewapa mkono na kutabasamu bila neno, maana kwao msemaji akiwa hajamaliza wengine hunyamaza. Mke wa Jaji alipomwona, almanusura aangushe sinia la vikombe. Binti akashika mlango asianguke. Alikuwa ni yule bibi wa tamthilia ya Jumanne! Yule aliyefia hospitali juzi juzi, mtaa mzima ukamlilia! Mama na mtoto walimtambua palepale. Jaji yeye akamkaribisha kwenye kochi, akamwambia kwa fahari kwamba kochi hilo amelitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Mazungumzo yalikwenda vizuri sana. Wakati chai inamiminwa, baba mdogo akauliza kama humu ndani wanafuatilia ile tamthilia ya Jumanne. Mzee wa watu alikuwa anamfungulia mwenyeji mlango wa kumsifu shangazi. Jaji akaingia mlango huo na nyundo.

Akaanza na yule bibi. Kwanza, alihema kama mtu anayepuliza jiko lililokataa kuwaka. Pili, mgonjwa gani mahututi ana maneno mengi vile? Aligawa shamba, akasamehe maadui wanne, akaagiza dirisha lifunguliwe, ndipo akakumbuka kufa! Mkewe akakohoa. Jaji akamshauri anywe maji. Binti akamkanyaga mguu. Jaji akausogeza mguu, akaendelea. Kijana alikuwa anahesabu mbao za dari, na baba mdogo chai ilimpalia. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ulimi wa Jaji ulikuwa umeshashika mteremko.

"Na ule uso!" akasema. "Uso mkavu, hauna hata chembe ya mauti. Hebu wewe mama, mtu mzima mwenzangu, niambie haki ya Mungu. Yule bibi alikufa pale?"

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Nilijitahidi," akasema.

Neno moja tu! Sura Jaji hakuijua, lakini sauti ile alikuwa ameisikia miezi minane ndani ya makochi ya watu. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama zulia.

Shangazi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Jaji zaidi. Akamuuliza kwa upole uso wake ulikosea wapi, ili siku nyingine ajirekebishe. Hapo akamwona binti yake pembeni, amekamata kitambaa cha meza kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Jaji alimpenda mtoto yule kuliko roho yake. Aibu ikamjaa mpaka masikio yakawaka moto.

"Sijawahi kuuona," akasema.

"Kuuona nini?"

"Uso wako. Wala wa mwigizaji mwingine yeyote. Mimi nasikiliza tu, kichwa kikiwa chini ya kochi."

Akaeleza yote, springi kwa springi. Akaomba radhi. Akakiri kwamba Jumanne ile bibi alipomsamehe adui wa nne, yeye alilia kama mtoto ndani ya kochi la mteja, na katika kujifuta machozi akajipigilia nyundo. Dole gumba lake lilikuwa limefungwa bandeji tangu siku hiyo. Mkewe alikuwa ameambiwa kwamba ni mlango wa kabati. Akalinyoosha mbele ya shangazi kama ushahidi.

Shangazi akalishika lile dole, akaligeuza huku na huku. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Msichana nimemkubali," akasema. "Aliyeweza kuishi na mzee huyu miaka ishirini na sita, mtoto wetu hawezi kumshinda."

Kijana akapumua. Binti akakaa chini kwa furaha. Naye Jaji akasimama, akajirekebisha kola, akafungua mdomo ili atoe neno la shukrani.

Mkewe na binti yake wakamwambia kwa pamoja anywe chai.