Nilivyomwalika Manjit kwa Kijapani

Leo nimejiaibisha. Si kidogo. Nimejiaibisha ukumbini, mbele ya Mwalimu Mkuu, wazazi, mgeni aliyetoka Nairobi na mama yangu mzazi. Naandika sasa hivi kabla ujasiri haujaisha. (Ujasiri wenyewe ni wa kuandika tu. Wa kuongea sikupewa.)

Nianze na asubuhi.

Hapana. Nianze na Manjit, maana bila yeye hakuna kisa.

Manjit ni msichana wa Form Three kama mimi. Kwao ni Makalasinga, Wahindi wa vilemba, na baba yake anauza vipuri vya trekta hapa mjini Nakuru. Sisi tunakaa Lanet. Mwaka huu tuliletewa mwalimu wa sayansi kutoka Japani, Mwalimu Sugita, msichana mdogo hivi kwamba siku ya kwanza prifekti alimwambia achomekee blauzi. Akaanzisha chama cha Kijapani kila Jumamosi. Nilijiunga kwa sababu niliambiwa wanachama hukaa kimya wakisikiliza. Haikuwa kweli. Tuligawanywa wawili wawili tuzungumze, na mimi nikapangwa na Manjit.

Sasa sikilizeni ajabu. Mimi na Manjit hatujawahi kuongea lugha nyingine. Darasani anakaa mbele, mimi nyuma. Kwa Kijapani tu ndiyo tunajuana, na tunajuana sana. Najua anapenda tenisi. Najua mjomba wake ni daktari. Najua kila asubuhi anakula samaki. (Hayo yote yametoka kitabuni. Lakini aliyasema akinitazama machoni, na mimi nikaamini.)

Tangu Chebet, rafiki yangu wa pekee, ahamie Elburgon baba yake alipopata kazi ya kupasua mbao, huwa nakula mkate wangu wa saa nne nimesimama kando ya tangi la maji kama mtu aliyeajiriwa kulilinda. Kwa hiyo nilikuwa namtaka Manjit awe rafiki yangu. Ni hivyo tu. Nilitaka aje nyumbani, anywe chai, tuwe marafiki kama watu wengine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama.

"Mama, huenda rafiki yangu akaja Jumapili."

Mama hana sikio la "huenda". Yeye alisikia "Jumapili".

"Mtoto wa nani?"

"Wa yule Singh wa vipuri."

"Ati Mhindi? Anakuja hapa kwetu?" Akakaa chini. Halafu akasimama. "Anakula nini?"

"Samaki," nikasema. "Asubuhi."

"Basi mchana atakula kuku."

Kufikia leo asubuhi jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza jikoni, ananiangalia. Baba alikuwa anapaka mlango rangi ya kijani iliyobaki ya pikapu. Vitambaa vya viti vilikuwa kwenye kamba vyote, na jirani yetu, Mama Kamau, ameshauliza kama Wahindi huogopa mbwa, ili amfunge wake.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Manjit alikuwa hajaambiwa.

Si kwamba sikujaribu. Jumanne nilimfuata mpaka bombani, nikafungua mdomo, nikanywa maji. Alhamisi nilimsubiri langoni. Alipofika nikajifanya nafunga kamba za viatu. (Viatu vyangu havina kamba.)

Ndipo nikakumbuka kwamba leo chama chetu kingeonyesha wazazi mazungumzo ya Kijapani. Yetu yalihusu kupanga safari na rafiki. Mimi nimwalike Manjit twende ziwani kuona flamingo, yeye aseme "Ii desu ne!", yaani wazo zuri hilo, tupatane saa, tuinamiane, tukae. Nikafikiri: nikibadilisha maneno machache tu, nitakuwa nimemwalika kikweli, na hakuna atakayejua. Kwa Kijapani mimi si mwoga. Kwa Kijapani mimi ni mtu mwingine kabisa, msichana mwenye kaka mhandisi, naye wa kitabuni.

Niseme pia kwamba kuna somo moja nililikosa. Wiki hiyo nilikuwa kitandani na matumbwitumbwi, uso umefura kama boga. Niliporudi niliwauliza wenzangu walisoma nini, wakasema, "Ah, adabu tu." Nikaona adabu ninayo ya kutosha.

Ukumbi ulijaa. Mama yangu alikuwa safu ya pili, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Karibu naye mama yake Manjit. Mbele kabisa mgeni wa Nairobi, mzee wa Kijapani mwenye miwani, na Mwalimu Sugita ameketi ubavuni mwake akijifuta mikono.

Tukapanda jukwaani. Tukainamiana. Nikasema:

"Manjit-san, moshi yokattara, nichiyōbi ni uchi e kimasen ka?"

Yaani: Manjit, kama haitakusumbua, Jumapili hutakuja nyumbani kwetu? (Wao huuliza hivyo, "hutakuja", ili mtu asijione amesukumwa. Kwetu ukimuuliza mgeni "hutakula?" atachukua mwavuli wake aende.)

Manjit akanitazama. Akamtazama Mwalimu. Kisha uso ukamng'aa, kama mtu aliyefungua karatasi ya mtihani akakuta swali alilolisoma jana. Akainama vizuri sana, akasema polepole:

"Arigatō gozaimasu. Zannen desu ga... mata sasotte kudasai."

Neno la katikati sikulijua. Lakini mengine niliyajua yote. Asante sana. Tafadhali unialike tena.

Sasa mimi nawauliza. Mtu akikuambia tafadhali unialike tena, unafanya nini?

Nikamwalika tena.

Nilisema yale yale, kwa sauti zaidi, na nikainama zaidi. Manjit akashangaa kidogo, akainama zaidi yangu. Asante sana, tafadhali unialike tena. Nikaona sasa tunaelewana. Mtoto ana malezi mazuri. Hata kwetu, mgeni anayekubali mara ya kwanza huonekana ametoka nyumbani na njaa. Mama mwenyewe hufundisha hivyo: akisema ameshiba, ndio kwanza unamletea sahani.

Nikamwalika mara ya tatu. Nikainama mpaka nikaona mbao za jukwaa. Na kwa kuwa alionekana bado anasita, nikaongeza sentensi yangu mwenyewe, ambayo haimo kitabuni:

"Tori ga imasu."

Yaani: kuku yuko.

Mgeni wa Nairobi akavua miwani akafuta macho. Mwalimu Sugita akafunika mdomo kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, maana hakuna kundi lingine lililoinama namna hiyo. Manjit naye akainama mara ya mwisho, akashika kifua, akasema tena zannen, lakini safari hii akiomboleza kabisa.

Nilikuwa nafungua mdomo nimwalike mara ya nne.

"Samahani, Mwalimu," mtu akasema.

Mama yangu alikuwa amesimama.

Makofi yakakatika. Ukumbi mzima ukageuka.

"Samahani sana. Mimi Kijapani sijui hata kidogo. Lakini huyo mtoto si anakataa?"

Hakungoja jibu.

"Nyambura," akaniambia, "mtoto wa watu amekataa mara tatu. Mara tatu! Unamwinamia ya nini?"

Wasichana wa Form Four nyuma walianza kucheka kwa pua. Kisha kwa mdomo. Kisha Mwalimu Mkuu, ambaye hajawahi kucheka tangu nijiunge na shule hii, akatazama dari na mabega yakimtetemeka.

Nilimgeukia Mwalimu Sugita anitetee. Alisimama, akanijia pole pole, akanong'ona kwa Kiswahili chake cha upole. Bahati mbaya ukumbi ulikuwa umenyamaza tena ili usikie.

"Nyambura, pole. Ile ndiyo hapana yetu. Sisi hatusemi hapana. Tunasema asante, unialike tena. Tulifundisha ulipokuwa mgonjwa."

Adabu tu, walisema. Adabu tu!

"Basi, mwalimu, muulize vizuri," mama akaendelea, bado amesimama, "kwa sababu mimi jogoo nimeshamfunga. Nataka kujua nimfungue ama nimchinje."

Nilitaka jukwaa lipasuke. Nililikanyaga kidogo kuona kama lingesaidia. Lilikuwa la mbao za Elburgon. Imara.

Ndipo Manjit akanivuta mkono wa sweta.

"Kwani ilikuwa ya ukweli?" akasema.

Kwa Kiswahili! Kiswahili cha hapa hapa, cha soko la Nakuru, kinachotoka haraka kuliko changu.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulikuwa unaniita kwenu kweli kweli?"

Nikaitikia tena.

"Wewe! Mimi nilidhani Mwalimu amekutuma unijaribu ile lesoni ya kukataa! Nikasema wacha nikatae vizuri nipate alama zote!" Kisha akaniangalia kwa makini. "Halafu unajua Kiswahili na hujawahi kuniongelesha? Miezi yote hii nikasema huyu Nyambura hanipendi. Ananiongelesha mambo ya kitabu tu, halafu anakimbilia kwa tangi la maji."

Nilisema "Zannen desu." Sasa nilijua maana yake. Inasikitisha.

Huku chini mama zetu walikuwa tayari wanapanga. Hawakuinama hata mara moja.

"Kesho," mama yangu akasema.

"Asubuhi tuko hekaluni," mama yake Manjit akasema. "Mchana ndiyo."

"Saa saba?"

"Saa saba. Lakini sisi nyama hatuli, mama."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

Mama akanitupia macho kutoka safu ya pili mpaka jukwaani. Macho yale sitaki kuyaeleza. "Nyambura. Si ulisema anakula samaki asubuhi?"

"Kitabu kilisema," nikajibu.

Ukumbi ulicheka upya. Wakati huu hata Manjit, akiwa bado ameshika sweta yangu.

Basi tulikaa chini, wenzetu wakaendelea, lakini hakuna aliyewasikiliza. Mgeni wa Nairobi alinifuata nje mwishoni akaniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kualikwa hivyo. Sikujua kama ni sifa. Niliogopa kumwalika pia kwa bahati mbaya, nikasema asante tu nikaondoka.

Tulipofika Lanet mama akaingia jikoni, akamfungua jogoo, akaloweka maharagwe, akaanza kumenya viazi vya kupondea mukimo. Kwa dirisha nilimsikia akimwambia Mama Kamau, "Wanakuja. Yeye na mama yake na shangazi zake. Huyu wangu aliwaita kwa lugha ya mbali, karibu awafukuze." Mama Kamau alicheka mpaka mbwa wake akabweka.

Kwa hiyo Manjit anakuja. Nilichokitaka nimekipata. Mlango umekauka, vitambaa vimepigwa pasi. Sasa nimekaa kitandani tangu saa kumi na moja nikijaribu kufikiria kitakachofuata, na nimegundua jambo baya kuliko yote ya leo.

Kwa Kijapani nilikuwa na tenisi, mjomba daktari na kaka mhandisi. Kesho saa saba msichana ninayemtaka awe rafiki yangu atakaa kwenye kiti chetu, atasema "Haya, Nyambura, niambie," na kwa Kiswahili mimi sina hata sentensi moja. Anayecheka aniletee moja kabla ya saa saba.