Hoja Isiyoungwa Mkono

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kitabu cha kanuni za mikutano. Mteja aliyekuja dukani kuchongewa muhuri alikisahau kaunta. Aliporudi nilikuwa nimeshafika katikati. Nikamwomba aniuzie. Akasema nichukue tu, kimeshamharibia ndoa. Sikuuliza zaidi.

Sababu ya furaha yangu ni hii. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wapangaji wa jengo letu. Tunakutana kila Alhamisi jioni, chumba cha chini kilichokuwa cha baiskeli, kila mtu na kiti chake. Katibu wetu ni muuguzi. Anaishi peke yake ghorofa ya pili. Alhamisi iliyopita watu walipigiana kelele juu ya pampu ya maji iliyoharibika, kila mtu msemaji, msikilizaji hakuna. Katibu akashika kichwa, akafunga daftari, akapanda zake juu. Nilikuwa nimeingoja jioni hiyo wiki nzima. Nikaambulia "haya, jioni njema", tena hakuwa ananiambia mimi.

Sasa nina dawa. Mkutano wenye utaratibu huenda polepole. Ukienda polepole, Katibu atakaa. Akikaa, nitamtazama.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi. Nilisimama nikatoa hoja kwamba kamati ifuate kanuni: wajumbe waseme mmoja mmoja, kila hoja iungwe mkono kabla ya kujadiliwa, na Katibu aisome kwa sauti kabla ya kura. Mwenyekiti wetu ni dereva mstaafu, husinzia huku ameshika meza kwa mikono miwili kama usukani. Akafumbua macho, akauliza nani anaunga mkono. Wajumbe wengine walikuwa na yao. Kinyozi alikuwa anaangalia saa. Mama Pacha alikuwa anatafuta kiatu cha mtoto ndani ya mkoba. Hapo Katibu akainua kalamu. "Naunga mkono," akasema.

Aliniunga mkono. Yaani, hoja. Lakini ilitoka kinywani mwangu.

Kisha akasoma: "Kwamba pampu ya maji itengenezwe kabla ya mwisho wa mwezi." Sikujua kama neno pampu lina uzuri wowote ndani yake. Nikasema sikusikia vizuri. Akarudia. Nikaleta marekebisho, tuondoe "itengenezwe", tuweke "ifanyiwe matengenezo". Marekebisho nayo sharti yasomwe. Yakasomwa. Kinyozi akauliza kama masikio yangu yanahitaji kusafishwa, yeye yuko tayari kuifanya kazi hiyo bure. Wivu huo.

Tulikaa mpaka chai ya Mwenyekiti ikapoa ndani ya chupa. Pampu haijaamuliwa. Vizuri sana. Alhamisi ijayo tunaendelea.

Ijumaa, 7 Machi

Dada ametoka kuchota maji mtaa wa pili. Akatua ndoo zote mbili miguuni pangu, moja ikanimwagikia soksi. Akasema jengo zima linajua kwa nini pampu haitengenezwi, isipokuwa labda pampu yenyewe. Nikakana. Dada ni mkubwa wangu, amenilea. Kumdanganya ni kutwanga maji kwenye kinu, na maji yenyewe ndiyo hayo.

"Mdogo wangu," akasema, "ngazi ni zile pale. Panda, bisha hodi, mwambie."

Nikamweleza kanuni. Hoja isiyoungwa mkono hufa papo hapo. Haijadiliwi. Hata kwenye kumbukumbu haiandikwi, inakuwa kama haikusemwa kamwe, ila aliyeisema bado amesimama pale, na watu wote wanamtazama. Ni lazima kwanza mtu awe na hakika.

Dada akanisogezea ndoo. Akasema nikamwage maji kwenye pipa.

Alhamisi, 13 Machi

Msiba. Kinyozi amesoma kanuni. Kazitoa wapi sijui, labda kwa mteja mwingine mwenye ndoa mbovu.

Nilisimama mara ya pili kuzungumzia rangi ya bomba. Kinyozi akapaza sauti: hoja ya utaratibu, mjumbe haruhusiwi kusema mara mbili kabla ya wengine kusema mara moja. Mwenyekiti akaamua ana haki. Nikakaa. Wengine wakasema hawana la kusema. Kinyozi akatoa hoja kwamba mjadala ufungwe. Mama Pacha akaunga mkono kabla hajamaliza. Kura zikapigwa. Pampu itatengenezwa. Katibu alisoma hoja mara moja tu, tena haraka, kama mtu anayesoma dawa kwenye cheti.

Mkutano mzima haukutosha hata kiti changu kupata joto. Nilipokuwa bado natafuta kifungu cha kukata rufaa, Kinyozi alishabeba kiti cha Katibu begani. Wakapanda ngazi. Nilisikia anacheka, Katibu, huko juu kwenye kona. Sikusikia alichoambiwa.

Nimemtazama Kinyozi vizuri. Kichwa chake mwenyewe hakijanyolewa sawasawa.

Jumapili, 16 Machi

Nilipanda kwenye paa kuanika mashati. Nikamkuta Katibu akianua sare zake. Upepo ulikuwa unazijaza, zikawa kama wanawake weupe kumi wasionijua. Nikasahau niliyokuja kufanya, nikabaki nimekumbatia beseni.

Akaniambia anaipenda mikutano yetu. Wodini kutwa nzima anaitwa huku na huku, hakuna anayemwacha amalize sentensi. "Wewe unaningoja nimalize," akasema. "Halafu unaniambia nirudie."

Nikasema ni matakwa ya kanuni.

Akabana pini za nguo kwenye ncha ya kanga, moja moja. Kisha akaniuliza kama huwa nasema neno lolote lisilokuwamo kwenye ajenda.

Swali zito. Nikamuuliza anauliza kama Katibu au kama mpangaji wa kawaida. Nilitaka kujua nijibu kwa utaratibu upi.

Akacheka, lakini kidogo, kama mtu anayefunga dirisha. Akachukua sare zake akashuka. Nimelitafuta jibu tangu mchana. Nadhani alikuwa anauliza kama mpangaji. Nitamjibu Alhamisi, nikipewa nafasi.

Jumatano, 19 Machi

Katibu amehamishwa. Hospitali ya mji mwingine. Anaondoka keshokutwa. Mama Pacha ndiye aliyeniambia pale mlangoni, huku akivuta watoto wake wawili kama anavyovuta mtu mbuzi. Kesho Katibu ataleta kujiuzulu kwake mbele ya kamati.

Nilikaa dukani nikiwa na muhuri wa mteja mkononi. Nikachonga jina la mteja lote bila kuligeuza. Litagonga kinyumenyume.

Halafu nikakumbuka akidi. Sisi ni watano. Bila wanne hakuna mkutano. Bila mkutano hakuna wa kupokea kujiuzulu. Kujiuzulu kusipopokelewa, yeye bado ni Katibu, na Katibu hawezi kuliacha jengo hivi hivi. Nikijitoa mimi wanabaki wanne. Kwa hiyo anatakiwa mwingine mmoja.

Nikamwambia Mama Pacha kwamba ana muda mrefu hajamwona mama yake. Nitakaa na watoto wake mimi mwenyewe. Akashuku. Akaniuliza kama naumwa. Kisha akashukuru mpaka nikaona haya.

Alhamisi, 20 Machi

Akidi haikutimia. Mpango ulikwenda kama nilivyopanga, na sijui niandike nini.

Mapacha walinifunga mguu kwenye meza wakaenda kula sabuni. Nikawa nawasikia wenzangu chini. Nilingoja nisikie Mwenyekiti akiahirisha, viti vikiburutwa, watu wakitawanyika. Badala yake nikasikia redio. Kwa kuwa mkutano haukuwapo, Kinyozi alisema basi tuagane tu. Wapangaji wote wakashuka. Hakuna aliyeomba nafasi ya kusema. Walisema wote kwa pamoja, wakacheka kwa pamoja, na kila mara nilisikia sauti yake katikati, bila kumaliza sentensi hata moja.

Dada anasema Katibu aliuliza mara mbili niko wapi. Akapanda hadi kwetu, akabisha hodi. Nilikuwa mlango wa tatu kutoka hapo, nimefungwa kwenye meza.

Jumamosi, 22 Machi

Ameondoka jana alfajiri. Kinyozi alimbebea sanduku.

Leo nilimwendea Kinyozi kumwambia ukweli wangu. Nilikuwa nimeutayarisha kwa vifungu. Kinyozi akanikalisha kwenye kiti, akanifunga shuka shingoni, akaanza kunyoa. "Mheshimiwa," akasema, "mimi nina mke na nina wateja wa jioni. Nilitaka mikutano iishe nirudi kazini. Kiti chake nilikibeba kwa sababu wewe ulikuwa unasoma kifungu." Akanigeuza kichwa. "Pale ngazini alikuwa akicheka habari zako. Akaniuliza utachukua muda gani."

Nikauliza, muda gani wa kufanya nini.

Kinyozi akazima mashine. Akaiwasha tena.

Pampu imetengenezwa. Maji yanatoka usiku na mchana. Hakuna anayezungumzia chochote kwenye ngazi.

Jumatano, 26 Machi

Katibu amepiga simu. Amempigia Dada, maana namba yangu hakuwahi kupewa. Haikuwahi kuwa kwenye ajenda. Amesema Jumapili hii hayuko zamu. Amesema chumba kina viti viwili na dirisha linalotazama barabara, na jioni ni kimya mno. Amesema nije.

Dada aliyarudia maneno yote bila mimi kumwomba. Kisha akanitolea shati la bluu, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni. Macho yake yalikuwa na maji. Alisema sasa hata kipofu angeona.

Nimekaa na furaha hii mchana kutwa. Sijapata kuwa na furaha ya namna hii. Kwa hiyo sitaki kuiharibu kwa pupa. Kanuni ziko wazi: mkutano usio wa kawaida unahitaji taarifa ya siku kumi na nne. Jumapili hii haiwezekani. Nimemwandikia kumjulisha, na kumwomba athibitishe tarehe mpya.

Ajenda nimeiambatanisha. Kufungua kikao, salamu, hali ya safari, hali ya hewa, hospitali, jengo letu, pampu. Lile suala lenyewe nimeliweka chini ya Mengineyo, mwisho kabisa, ili muda ukituishia tuliahirishe kwa heshima.