Ubao wa Mlangoni

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumwangalia dada yake aliyejifungua. Baa kaniachia mimi. Hatimaye! Aliirithi kwa baba yake, na tangu tuoane sijawahi kushika ufunguo zaidi ya ule wa stoo.

Kaniachia na agizo pia. Jumamosi anakuja afisa wa leseni. Mara iliyopita alikuta watoto wanazurura katikati ya meza za bia, akatoa onyo la mwisho. Safari hii akimkuta hata mmoja, leseni inakwenda, baa inafungwa, na sisi hatuna kingine kinachotulisha. Dawa, kasema mke wangu, ni ndogo tu: kila anayeingia aulizwe kitambulisho. Kalirudia hilo mpaka gari linaondoka, kichwa kiko dirishani. Utadhani mtoto ni mimi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeuliza vitambulisho. Balaa! Fundi redio, mteja wetu wa miaka nenda rudi, mvi mpaka kwenye nyusi, kaniuliza kama nimeshaanza kunywa. Mwalimu mstaafu kaninunia, kavuka barabara, kaenda kwa Bwana Tai.

Bwana Tai ndiye mwenye baa ya ng'ambo. Anavaa tai hata akipiga deki. Yeye huuliza kila mtu kitambulisho, mpaka vikongwe. Nikachungulia. Mwalimu kakitoa chake bila ubishi, tena anacheka! Wanafiki wakubwa. Mimi simuigi mtu. Nitabuni langu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Akili nyingine hazigawiwi ovyo. Mtoto na mtu mzima wanatofautiana nini? Kimo! Nimemwita seremala, nikamwagiza ubao wa kusimamisha mlangoni, wenye mstari mwekundu. Aliye chini ya mstari ni mtoto, arudi kwao. Aliye juu, karibu sana. Hakuna maswali, hakuna kununiana.

Seremala akauliza mstari aupige wapi. Shemeji alikuwa kasimama karibu, nikamwambia apige usawa wa bega lake, yaishe. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, ndiye mlinzi wetu wa mlangoni. Ni pande la mtu. Tena mtiifu: ukimwambia nzi asipite, atashinda pale akibishana na nzi.

Binti yetu, mwenye miaka kumi na minne, kauliza: na watu wazima wafupi je? Urefu kanirithi mimi, maswali kayarithi kwa mama yake. Nimemwambia akamalize hesabu zake.

Ijumaa, 7 Juni
Ubao umesimama. Unapendeza! Watoto wa jirani wamekuja kujaribu, wameshindwa wote, wameondoka. Fundi redio kapita kwa raha zake.

Muuza magazeti kazuiwa. Ni mfupi, kweli, lakini ana wajukuu. Kalalamika mno. Shemeji kamwambia hana ubaya naye, akikua arudi. Nikampelekea soda nje na kumwomba radhi. Mpango mkubwa haukosi majeruhi.

Bwana Tai kavuka barabara kuja kuutazama. Kacheka mpaka tai ikalegea. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika usiku huu huu, kabla sijalala.

Bendi ilianza mapema, ukumbi ukajaa kabla jua halijazama. Nilikuwa nimevaa tai. Si kuiga, ni heshima ya ukaguzi. Nikamsubiri afisa mpaka shingo ikaniuma. Mara nikasikia ubishi mlangoni. Nikajua ni watoto wasumbufu, nikampungia shemeji mkono asilegeze.

Kumbe! Waliokuwa nje ni afisa wa leseni, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, na mke wangu, aliyekatisha safari ili awepo kwenye ukaguzi. Wote wawili chini ya mstari. Shemeji kamzuia dada yake wa tumbo moja! Nasikia alimwambia, "Dada, mimi nakujua. Ubao haukujui."

Wakazunguka dirishani wanitafute. Kabla hawajaniona mimi, wakamwona binti yetu. Yuko kaunta, juu ya kiti kirefu, kapaka rangi ya mdomo ya mama yake. Pembeni yake bwana mmoja mwenye ndevu, mwenye watoto wakubwa kuliko huyu binti, anamsogezea glasi ya bia.

Mke wangu hakusimama tena kupimwa. Ubao ulianguka, ukavunjika. Shemeji alijibanza ukutani mwenyewe. Bia ikaishia mapajani mwa yule bwana, na yule bwana akaishia barabarani.

Nami nilishafika. Niliyemwona pale alikuwa mwanangu, macho yamemtoka, mdomo unamcheza, anakaribia kulia. Niliogopa, sifichi. Na kwa vile niliogopa nikafoka, nikamuuliza kapita wapi.

"Nimepita mlangoni, baba," akasema. "Nimepimwa. Hakuna aliyeniuliza umri."

Bendi ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. Afisa akafungua mkoba wake, akatoa kalamu.

Jumapili, 9 Juni
Leseni haijafutwa. Haijapona pia. Baa imefungwa mpaka ukaguzi wa marudio. Mke wangu ndiye aliyetuombea. Afisa kasema anamwamini yeye, wala haniamini mimi. Kayasema hayo mbele ya shemeji na fundi redio.

Binti kalia asubuhi nzima. Alitaka kusikiliza bendi tu, na yule bwana alimwambia glasi moja haina neno. Glasi moja! Nikimkumbuka naona giza. Nimekaa kando ya kitanda cha mwanangu mpaka akasinzia, mkono wake mkononi mwangu. Mkono bado mdogo.

Mke wangu hanisemeshi, ila kunijulisha kwamba vyombo vya leo ni vyangu. Na vya kesho.

Jumanne, 11 Juni
Ukaguzi ni Ijumaa. Mke wangu anamfanyisha shemeji mazoezi ya kuuliza vitambulisho. Leo shemeji kaniuliza changu. Nimekisahau nyumbani. Kanizuia! Nimeketi kwenye ngazi za baa yetu wenyewe, na Bwana Tai ng'ambo ananipungia mkono.

Lakini pale kwenye ngazi akili ikafunguka. Kosa letu lilikuwa kupima mwili. Mtu apimwe kichwa! Mlangoni tumwimbie mstari wa wimbo wa zamani, yeye amalizie. Watoto wa siku hizi watazijulia wapi nyimbo za enzi zetu? Hakuna kununiana, tena watu wataingia wakiwa wamechangamka.

Nimemjaribu shemeji kwanza. Hajui hata mmoja. Haina neno, kazi yake iko nje.

Kisha nimemjaribu binti, kwa uhakika tu. Kazimaliza zote! Beti zote, mpaka viitikio. Nikamuuliza kazitoa wapi. Kasema ndizo nilizokuwa nikimbembelezea alipokuwa mdogo.

Ah, basi. Huyo hahesabiki, huyo ni wa kwangu. Nimeshamwagiza seremala kijukwaa kidogo cha kuimbia mlangoni.