Shujaa, Farasi Wake na Kiti cha Karibu na Moto

Jumapili, 28 Desemba
Thwaite kakohoa kanisani! Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Kila mkesha wa mwaka mpya, kwenye baa ya Muriel, mtu mmoja husoma shairi letu la kale: shujaa mwenye deraya ya chuma anamwacha farasi wake azame mtoni, kisha anarudi kwao kwa miguu kwenye theluji. Msomaji hupewa kiti cha karibu na moto, mwaka mzima. Thwaite amekikalia hadi kimechukua umbo lake. Mimi hukaa mlangoni mwa choo. Baridi ile! Mwaka huu kiti changu.

Jumatatu, 29 Desemba
Nimempelekea Thwaite aiskrimu, eti dawa ya koo. Kala bakuli zima, kanishukuru hadi nikaona aibu. Kidogo.

Jumanne, 30 Desemba
Sauti ya Thwaite imekwisha kabisa! Mbio kwa Muriel, kujitolea. Kaniangalia juu hadi chini, kasema haya, Clement, ila usiruke hata neno. Nikaapa.

Mazoezi. Lo! Kiingereza hiki cha mababu kinakwaruza kuliko mafua. Bramble, mbwa wangu, kaomba kutoka nje. Basi nimezibandika kwa gundi kurasa za mtoni. Shujaa analia tu pale, analia weee. Nani atajua? Watu wanafuata pai na bia.

Alhamisi, 1 Januari
Basi jana. Nilianza vizuri. Nikafika mtoni, hop! Shujaa huyooo kwao, miguu mikavu. Enoch mwenye bucha akauliza, we Clement, farasi yuko wapi? Nikasema ukurasa umechanika. Bibi mmoja akadakia: na kichwa chako, nacho kimechanika?

Hapo Thwaite, bila sauti, akaanza kupiga meza kwa ngumi, mapigo yaleyale ya shairi. Baa nzima ikapokea. Mistari yote ya mtoni, bila kitabu! Fundi bomba, mabibi, hata msichana wa pai, sinia mkononi. Shujaa akamwomba farasi msamaha, kwamba aliogopa, kwamba alijiokoa peke yake. Enoch, jitu lote lile, alilia waziwazi. Na mimi macho yaliniwasha. Moshi ule. Nikamwona Thwaite anapiga meza, nikakumbuka aiskrimu, nikatamani kuingia chini ya meza.

Muriel akasema wamesoma wote, kiti apewe nani sasa? Wakabishana. Bramble akakipanda, akalala. Muriel akasema mwachieni, huyu angalau kasikiliza bila ujanja. Wote wakapiga makofi. Mwaka mzima! Mbwa wangu mwenyewe! Mimi nimerudi mlangoni mwa choo.

Ijumaa, 2 Januari
Nimefikiri sana. Kosa nimeliona. Nilipunguza, kumbe nilitakiwa kuongeza! Mistari tayari ninayo: njiani shujaa anakutana na bwana mmoja mwerevu, sura nzuri, jina lake Clement, anampa farasi mpya. Imekaa vizuri mno. Hakuna atakayegundua.