Lori Tupu la Kabuta

Jumatano, 14 Agosti 1974

Likizo. Siku ya tisa bila kuzungumza na mtu wa umri wangu. Eness alihamia Mansa mwezi wa sita. Barua zangu tatu hazijajibiwa. Lakini nimepata mpango. Nitapiga picha lile lori bovu la ufukweni Kabuta, lisilo na magurudumu, ambamo mimi na yeye tulikuwa tunasomeana vitabu. Nitalipiga usiku, tupu, taa zikiliangaza. Akiona lilivyo pweke, ataandika. Lazima aandike.

Alhamisi, 15 Agosti

Mwalimu Chisenga ameniazima kamera. Imebaki picha moja tu. Amesema usiku kamera haishikwi mkononi: niiweke juu ya kitu, niifungue, nihesabu hadi thelathini. Mtu anayetembea hataonekana, kitakachobaki ni kile kilichotulia. Nimeandika hilo na kulipigia mstari.

Taa zitakuwa karabai tatu. Moja ni ya Baba. Anaamini naitumia kusomea hesabu. Mbili nimeazima kwa Papa Patson, mvuvi jirani yetu. Aliuliza za kazi gani. Niliona aibu, nikasema za shule. Alinitazama sana, akasema shule siku hizi imekuwa ngumu.

Ijumaa, 16 Agosti

Hakuna mwezi. Vizuri. Nilipeleka taa kwa baiskeli, nikawasha moja ndani ya kabini na mbili mchangani. Lori liling'aa kama kanisa siku ya Noeli. Nusura nilie. Nikaweka kamera juu ya kreti.

Halafu nikasikia mabeseni yakigongana.

Kila mtoto wa ziwa hili anajua: usiku wa giza, karabai zikitulia ufukweni, wavuvi wameshusha chisense, wale samaki wadogo, na anayewahi ndiye anayenunua. Kila mtoto isipokuwa mimi. Wa kwanza alikuwa Mama Olipa, muuza samaki, na beseni kichwani. Nyuma yake wanawake, nyuma yao wanaume wenye baiskeli.

"Weye Clotilde, chisense iko wapi?"

Nikasema hakuna chisense, ni picha.

"Ya nani?"

Nikasema ya lori. Mwanamume mmoja akauliza kama lori linaoa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Niliwaomba waende nyumbani. Nilisema tafadhali mara nne. Nikafungua kamera papo hapo, maana watu wanaotembea hawaonekani. Kosa. Walipoona kamera walitua mabeseni, wakafunga vitenge upya, wakajipanga mbele ya lori, watoto chini, mikono magotini. Mama Olipa akaniita niingie katikati. Nikajibu kwamba nahesabu. Mpaka nafika thelathini hakuna aliyepepesa jicho.

Baadaye Mama Olipa akaniambia twende kwake, mabinti zake wamepika mihogo, mutoto hawezi kurudi na njaa. Nikasema lazima nisome. Nikarudi peke yangu na karabai tatu.

Jumatatu, 26 Agosti

Picha imefika na basi kutoka studio ya Mansa. Safi kabisa. Watu thelathini na mmoja, meno yote yanaonekana. Lori ni kipande cha bati juu ya kichwa cha Mama Olipa. Katikati yao kuna nafasi ya mtu mmoja, hawakuiziba.

Haifai. Eness akiiona atadhani nimezungukwa na watu, na hatajibu kamwe. Nimeificha ndani ya kamusi.

Mpango mpya ni bora zaidi. Filamu nzima, karabai sita. Na safari hii sitaacha jambo lolote kwa bahati: leo nimepita nyumba kwa nyumba Kabuta yote, nikawaambia ni siku gani na mahali gani, ili mtu yeyote asije. Wamenisikiliza vizuri sana. Mama Olipa aliuliza hata saa. Nimemwandikia kwenye karatasi.