Mashirika Mawili Yananigombania

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku kubwa! Tangu Februari nimekaa nyumbani, leseni yangu ya urubani ndani ya bahasha, mpaka majirani wa Bulla Pesa wakaanza kuniita Rubani wa Nchi Kavu. Leo, kabla sijamaliza chai, mashirika mawili ya ndege yamenipigia simu. Mawili!

La kwanza ni Kware. Vindege vya injini moja, makao yao hapa hapa Isiolo. Asubuhi wanapeleka miraa Wajir na Mandera, mchana wanarudi na abiria. Kwao rubani mgeni anaanza kuruka mara moja. La pili ni Korongo. Ndege kubwa za injini mbili, Nairobi, Kisumu, Mombasa, na sare yenye kofia. Kwao mgeni anakaa darasani miezi na miezi kabla hajashika usukani. Wanataka kufungua safari za Isiolo, kwa hiyo Ijumaa watakuja hapa mjini kutuhoji.

Korongo, bila shaka. Nimeiona ile kofia.

Ila kuna Abdirashid. Tulisoma naye urubani darasa moja. Mtoto wa muuza ng'ombe, mtulivu, mwenye adabu, hajawahi kunikosea hata kidogo. Simpendi. Naye amepigiwa simu na mashirika yote mawili. Na katika kazi hii, anayetangulia kutia sahihi ndiye mkubwa wako mpaka ustaafu. Yeye ndiye anachagua safari kwanza. Yeye ndiye anahamia kwanza kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Ukichelewa siku moja, unakula vumbi lake maisha yako yote. Mimi Kagwiria, nile vumbi la Abdirashid?

Nimemwuliza Mama angechagua lipi. Mama anauza miraa sokoni, na maoni yake huyatoa bila kuombwa, sembuse akiombwa. Amesema niende pale nitakapoendesha ndege. Mama hana mkakati. Mimi ninao, na nimemwambia: nitayafanya mashirika haya yanigombanie.

Jumanne, 9 Septemba

Mkakati umeanza. Nimempigia Kapteni Lowoi, mkuu wa marubani wa Kware. Nikatoa sauti ya huzuni. Nikamwambia Korongo wananisumbua sana, wanataka jibu leo, lakini Kware wakiniahidi kiti cha kushoto mwaka ujao, pengine naweza kuwakatalia.

Nikangoja anisihi.

Kapteni Lowoi ni Mturkana anayeongea polepole, kama mtu anayechagua mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipongeza kwa moyo wake wote. Alisema Korongo ni shirika zuri, nitajifunza mengi, na nikifika nimsalimie Kapteni Umulkheir. Akakata simu.

Nikabaki nimekaa kitandani, simu mkononi. Mama akauliza kutoka jikoni kama wameshaanza kugombana. Nikamjibu wanajipanga.

Mchana nikageuza upande. Nikampigia huyo huyo Kapteni Umulkheir wa Korongo, ndiye atakayetuhoji. Nikamwambia Kware wameshanipa nafasi na wananikimbiza nitie sahihi. Akauliza nafasi gani. Sikuwa nimejiandaa kwa swali. Ulimi ukajibu wenyewe: karibu kapteni.

Akataka kujua hicho ni cheo gani.

Nikasema mtandao unasumbua.

Hesabu ya leo: shirika moja limeniaga, jingine limeniuliza swali. Kwa siku ya kwanza, si vibaya.

Jumatano, 10 Septemba

Lazima niwarudishe Kware. Bila wao sina wa kuwatishia Korongo. Mpango: kukutana na Kapteni Lowoi kwa bahati tu, pale uwanja wa ndege. Nimevaa shati langu jeupe la chuo, lile la mistari mabegani, miwani ya jua, viatu vya kung'aa. Nikasimama karibu na lango la mizigo nikitazama mbali, kuelekea Leparua, kama mtu mwenye mawazo ya anga.

Mzee mmoja wa Kiborana, Mzee Adano, akanipa salaam, kisha akanikabidhi mfuko wake na redio yake. Alitaka kiti cha dirishani. Nikajaribu kumweleza mimi si mfanyakazi. Akasema shati linaonyesha. Mama mmoja nyuma yake akanikabidhi mtungi wa maziwa. Kabla sijajua kinachoendelea, pikapu ya miraa ilikuwa imefika imechelewa, vijana wa mizigo walikuwa wawili tu, na kila mtu ananiangalia mimi, mwenye mistari. Nikabeba gunia. Gunia moja huita la pili.

Kapteni Lowoi alinikuta nimelowa jasho, majani ya miraa kwenye nywele, miwani imepotea.

"Kumbe bado unatupenda," akasema.

Nikamwambia nilishindwa kulala kwa kuwaza Kware. Hilo lilikuwa uongo, lakini pumzi ilivyokuwa imenikatika, lilisikika kama ukweli. Akaniambia Jumamosi ana safari fupi ya Garbatulla kupeleka dawa za zahanati. Nije nikae kiti cha kulia, anione.

Mkakati unafanya kazi! Mgongo haufanyi.

Alhamisi, 11 Septemba

Abdirashid amepita nyumbani. Salaam aleikum hapa, habari ya Mama pale, amemletea Mama sukari. Mama anampenda sana. Alitaka kujua nadhani Kapteni Umulkheir atauliza nini kesho, maana mimi darasani nilikuwa najibu sana. Ni kweli. Nilikuwa najibu hata maswali ya wenzangu.

Shetani akanikalia begani. Hapana, nisimsingizie, nilikuwa peke yangu. Nikamwambia nimepata habari za ndani: Kapteni Umulkheir anawapenda watu wanaokiri wasichokijua. Akikuuliza jambo huna hakika nalo, mwambie tu hujui, ungeangalia kitabu.

Abdirashid akanishukuru. Ana macho mazuri ya kuamini, huyu kijana. Kesho ataketi mbele ya meza akisema sijui, sijui, sijui, nami nitafuata kama mvua baada ya kiangazi.

Nimelala mchana kidogo, kwa dhamiri safi kiasi.

Ijumaa, 12 Septemba

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Mahojiano yalifanyika katika hoteli moja ya hapa mjini, asubuhi, kabla ya swala ya Ijumaa. Mimi nikaingia kwanza. Kapteni Umulkheir ni mwanamke mrefu, ushungi wa buluu, ile kofia imekaa mezani kando ya glasi ya maji. Nilijibu kila swali. Nilijibu kwa mikono pia. Kisha akauliza ningefanya nini nikiona taa ya jenereta ya tatu imewaka. Nikamweleza hatua zote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuokoa maisha.

Akaniuliza kwa upole ndege yao ina jenereta ngapi.

Zipo mbili.

Abdirashid akaingia. Mlango haukufungwa vizuri, nami nilikuwa nimekaa karibu nao, kwa bahati. Swali lile lile. Kisha nikamsikia akisema, "Sijui, Kapteni. Sikumbuki jenereta ya tatu. Ningeangalia kitabu kabla ya kugusa kitu."

Wamemchukua. Papo hapo! Alitoka akanijia mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia hatanisahau, kwamba wengine wangeficha habari kama ile. Nikasema ni kawaida yangu.

Basi ningeenda nyumbani. Lakini nilikuwa nimeagiza chai, na chai haiachwi. Ndipo Kapteni Lowoi akaingia hotelini. Kumbe yeye na Kapteni Umulkheir walianza kazi pamoja, wakiruka Lodwar na Lokichoggio, na hawaachi kunywa chai pamoja kila wanapokuwa mji mmoja. Wakakaa dirishani. Wakaongea. Nikaona vichwa viwili vinageuka polepole kunitazama.

"Lowoi," akasema Kapteni Umulkheir, wala hakupunguza sauti, "yule ndiye karibu kapteni wako."

Niliinamia kikombe mpaka mvuke ukanifunika uso.

Nyumbani Mama alinitazama mara moja tu, akanipakulia githeri nyingi kuliko kawaida. Nilikula. Kisha nikalia kidogo, si kwa sababu ya kofia. Nilikuwa nimewaza kwamba sasa nitakaa miezi mingine nikisikiliza ndege za watu zikipita juu ya paa letu, na mikono yangu itasahau.

Jumamosi, 13 Septemba

Ujumbe wa Kapteni Lowoi uliingia alfajiri. Hakusema lolote kuhusu jana. Safari iko, nisichelewe.

Nilifika kabla ya mlinzi.

Tulipoondoka ardhini nilisahau kwamba nina aibu. Isiolo yote ikakaa chini yangu, misikiti, mabati, barabara ya Marsabit imenyooka kama uzi, na paa la nyumbani ambalo nimelitazama kutoka upande mbaya tangu Februari. Kapteni akaniachia usukani kidogo. Mikono haikuwa imesahau! Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa jina lake. Sikupanga chochote kwa safari nzima. Hata mimi nilishangaa.

Kufika Garbatulla, Kapteni akachukua usukani ili atue. Kiwanja kile ni cha udongo mwekundu, hakina ua. Tulikuwa tumeshashuka sana, nikaona mwisho wa kiwanja vivuli vinasogea. Nikamtazama Kapteni. Uso wake haukusema kitu. Ndege inashuka. Nikawaza: amewaona, ana uzoefu, nikipiga kelele ataniona mwoga, na jana ameshaniona mjinga. Wazo hilo sikulimaliza.

"Usitue!" nikapaza sauti. "Ngamia!"

Akasukuma mbele mkono wa nguvu za injini, ndege ikainuka, tukapita juu ya kundi zima la ngamia ambao hata shingo hawakugeuza. Mchungaji mmoja akatupungia fimbo. Tukazunguka, naye akawaondoa, tukatua salama, tukawapa watu wa zahanati dawa zao.

Kapteni Lowoi aliketi kwenye kivuli cha bawa akifungua chupa ya maji. Akaniambia alikuwa amewaona ngamia kitambo, na nafasi ya kupanda ilikuwepo bado. Alitaka kujua kama nitasema. Kuna marubani wageni wanaonyamaza ili waonekane jasiri, na watu hao yeye hawataki katika kiti cha kulia.

"Wiki hii umesema mambo mengi," akasema, "na karibu yote yalikuwa uongo. Hili moja lilikuwa kweli, na ulilisema kwa wakati. Njoo Jumatatu utie sahihi."

Nilitaka kumuuliza kuhusu kiti cha kushoto mwaka ujao. Nikanywa maji.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetia sahihi! Rubani msaidizi, Kware, Isiolo. Sare haina kofia. Nimeuliza mara mbili.

Mama amefunga biashara mapema, jambo ambalo hafanyi hata wakati wa msiba, akapita kwa majirani nyumba baada ya nyumba. Anawaambia wasichanganyikiwe wakisikia ndege asubuhi, ni mtoto wake. Rubani wa Nchi Kavu amekufa.

Abdirashid alikuja kuaga. Anaenda Nairobi kukaa darasani mpaka mwaka ujao, nami nitakuwa angani keshokutwa. Tulikunywa chai mlangoni, tukacheka habari za jenereta ya tatu. Kwa karibu kikombe kizima nilimfurahia kwa dhati. Alipoondoka, Mama akasema kijana yule ana moyo. Nikakubali. Nilikaribia hata kumwambia Mama ukweli wa Alhamisi, ila sukari ya Abdirashid ilikuwa bado kwenye ulimi wangu, ikawa vigumu.

Nimeamua: mikakati basi. Kazi tu, na ukweli.

Jumatano, 17 Septemba

Safari ya kwanza ya kazi. Wajir na kurudi, Kapteni Lowoi kushoto, mimi kulia, nyuma yetu magunia ya miraa hadi darini, moja likiwa la Mama mwenyewe. Nililitambua kwa fundo. Anga safi, upepo mwema. Kule Wajir mteja wa Mama alilipokea gunia lake kutoka mkononi mwangu, akaniombea dua kwa jina langu na la mama yangu. Nilirudi nikitabasamu peke yangu, kilomita baada ya kilomita ya mchanga. Hii ndiyo kazi niliyoitaka tangu utotoni, na inapita juu ya nyumba yetu. Sina la kuongeza.

Ila jambo dogo. Ratiba ya mwezi ujao imebandikwa ofisini. Nimewekwa siku nyingi za miraa, wakati Gichunge, rubani msaidizi mwenzangu, amepewa watalii wa Samburu, wale wanaopiga picha na rubani. Nimechunguza, kimya kimya. Ratiba hupangwa na dada mmoja aitwaye Sadiya, mwenye miwani, ambaye hapokei maombi ya mtu yeyote. Lakini nimesikia kwamba anapenda mapapai ya Kinna kuliko kitu chochote duniani.

Basi nikamwambia, nikipita tu mlangoni kwake, kwamba nina shangazi Kinna, mwenye shamba la mapapai kando ya mfereji, na Ijumaa ananitumia kikapu kizima, tena huwa ninakosa wa kumgawia. Sadiya akavua miwani. Akauliza shangazi anaitwa nani, maana yeye amezaliwa Kinna na anamjua kila mtu mwenye mpapai.

Nimesema simu yangu inaita.

Tatizo si kubwa. Mapapai yanauzwa sokoni. Kinachobaki ni shangazi, na nimeshaanza kuuliza ni nani kule Kinna atakayekubali kuwa shangazi yangu.