Mkurugenzi na Ubao Wake

Joash mwenyewe hakatai. Siku ile, kati ya viumbe wote waliokuwa Mayoni, akiwemo mbuzi aliyetafuna kona ya waraka rasmi, mjinga alikuwa yeye. Anachoomba tu ni ieleweke kwamba alikuwa mjinga kwa kufuata utaratibu.

Utaratibu ulianzia Lurambi, kwenye makao makuu ya Mamlaka ya Mpangilio wa Miwa. Hii ni ile mamlaka ambayo bila kibali chake hakuna mkulima anayekata miwa yake, hata kama miwa yenyewe imezeeka ikaanza kutoa maua. Jumatatu asubuhi, Mkurugenzi, Bwana Jairus Shikanga, aliwaita watumishi wote ukumbini akatangaza kwamba enzi ya picha za pasipoti imefika mwisho.

"Kuanzia leo," alisema, "kila mtumishi atakuwa na taswira rasmi ya kitaalamu, iliyotengenezwa kwa akili unde. Mkulima akituona, aone huduma."

Watu wakapiga makofi. Mmoja akauliza kuhusu vibali vya kukata miwa vilivyolala ofisini tangu mwaka jana. Akajibiwa kwamba hivyo viko kwenye awamu ya pili, na kwamba awamu ya pili inasubiri picha.

Kazi ikamwangukia Joash, aliyekuwa Kaimu Afisa wa Mawasiliano. Alikuwa amekaimu muda mrefu hadi mama mkwe wake alidhani Kaimu ni jina la ubatizo. Aliona kwamba akiifanya vizuri, huenda neno hilo likamtoka.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Unaipa picha zako za kawaida, unachagua suti, unachagua mandhari, unasubiri kama mtu anayesubiri chai ichemke. Sylvia wa mapokezi alitoka akiwa na vidole sita mkono wa kulia. Kamati ikaamua viachwe, kwa kuwa vinaashiria bidii. Kipyegon, dereva wa Mkurugenzi, alitoka amevaa sare ya rubani, mabawa ya dhahabu kifuani. Hakulalamika. Tangu siku hiyo alianza kuliita gari "chombo".

Kibarua kilikuwa kwa Mkurugenzi. Bwana Shikanga ni mtu mfupi, mwenye tumbo lililotulia, upara unaong'aa na mwanya mpana wa kuaminika. Picha ya kwanza ilifanana naye sana.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Ongeza uongozi."

Joash hakujua uongozi huongezwa wapi, kwa hivyo akaongeza nywele.

"Bado."

Akaongeza mabega. Akatoa tumbo. Akaziba mwanya, akavuta taya likawa kama kona ya meza, akapunguza miaka mpaka Mkurugenzi akawa mdogo kuliko mwanawe wa kwanza. Nyuma yake akapanga maghorofa ya vioo ambayo Kakamega haijawahi kuyaona, na mbele yake mikono iliyokunjwa kifuani kama ya mtu aliyemaliza kazi zote. Mkurugenzi aliitazama kwa muda mrefu, macho yakamlainika.

"Sasa hapo umenipata."

"Ila mheshimiwa, haifanani na wewe sana."

"Joash," alisema kwa upole, "picha iko sawa. Ni mimi ndio bado naikaribia."

Ingeishia hapo, Joash angekuwa salama. Lakini bidii ikampanda kichwani. Wakati huo mashamba yote, kuanzia Mayoni mpaka Butali, yalikuwa yamevamiwa na matapeli. Mtu anatokea na tai na faili, anasema ametoka kwa Mamlaka, anachinjiwa kuku, anakula mpaka anafungua mshipi, anaahidi kibali, halafu unamsikia tu kwa redio. Joash akaona hapa ndipo taswira rasmi itakapoliokoa taifa la miwa. Akaketi, akaandika waraka:

"Kwa usalama wa wadau, mtu yeyote atakayejitambulisha kama Mkurugenzi ilhali hafanani na taswira rasmi asipewe kiti, asipewe chakula, wala asiaminiwe. Mtumishi atakayemtetea mtu kama huyo atahesabiwa kuwa mshiriki wake."

Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma zaidi ya mahali picha yake ilipoishia. Nakala zikabandikwa kila soko.

Pale Mayoni, aliyeusoma waraka huo kwa makini ni Mama Navalayo, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima. Alikuwa na sababu. Miwa yake ilipaswa kukatwa mwaka jana. Sasa ilikuwa imekauka, nyepesi mkononi, majani yakilia kama karatasi upepo ukipita. Ingekaa wiki nyingine ingekuwa kuni, na kuni za miwa hata chai haziivishi. Yeye na wenzake walikuwa wamelalamika mpaka Mkurugenzi akakubali kuja mwenyewe, Alhamisi, saa nne kamili.

Joash alitangulia. Alibeba ubao wenye picha ya Mkurugenzi, mzima mzima, kuanzia nywele zisizokuwepo hadi viatu. Alipousimamisha, upepo ukauangusha. Akausimamisha tena, ukaanguka kifudifudi.

"Kijana," Mama Navalayo akamwambia, "mgeni wako anaangukanga sana. Amekula?"

"Ni ubao, mama."

"Nimeona. Mpe kiti basi, asiumie."

Wakauegemeza kwenye kiti cha mgeni wa heshima, wakaufunga kwa leso. Joash aliona jambo hilo limependeza, akapiga picha, akaituma kwenye mtandao wa Mamlaka kwa maneno haya: "Mkurugenzi akiwa na wananchi."

Saa nne ikafika. Ikapita. Joash akapiga simu, akaambiwa Mkurugenzi yuko njiani. Alikuwa mjini Kakamega, akifunga semina kuhusu kutunza muda.

Akina mama walingoja hadi wakachoka kungoja, wakaanza mkutano. Mmoja mmoja alisimama, akageukia ubao, akaeleza habari ya shamba lake. Mwanzoni walicheka. Baadaye hawakucheka. Pascalia alieleza jinsi moto ulivyoteketeza nusu ya miwa yake kavu, akatulia kidogo katikati ya maneno, na ubao ukamsubiri amalize. Joash alijikuta akiandika kila kitu, ingawa hakuna aliyemtuma.

Kisha chakula kikaletwa, obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku wetu, iliyochemshwa ikachemka. Kila mtu wa huku anajua kwamba kuku ana sehemu moja ya mkubwa wa mkutano, nayo ni firigisi, ile tunayoiita imondo. Hapewi mwingine. Na ikishawekwa mbele ya mtu haiondolewi, hata asipoigusa. Mama Navalayo aliijongeza sahani mbele ya ubao, imondo juu, akafunika kwa kitambaa kuzuia nzi.

Saa nane, gari jeusi likaingia. Kipyegon akafungua mlango kwa heshima za uwanja wa ndege, na Bwana Shikanga akashuka, upara ukimeremeta. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

"Mulembe, mama. Nani ameketisha ubao kwa kiti changu?"

"Mulembe. Kiti cha nani?"

"Changu. Mimi ndiye Mkurugenzi."

Mama Navalayo alimwangalia kuanzia juu hadi chini, safari ambayo haikuchukua muda. Akaangalia ubao. Akatoa waraka kwenye leso, ule ulioliwa kona na mbuzi.

"Hata yule wa juzi alisema hivyo," akajibu. "Huyo alikula jogoo mzima na akabeba miguu."

"Joash, hebu waeleze."

Watu wote wakamgeukia Joash. Joash akautazama waraka, akaona pale alipoandika habari ya mshiriki. Maneno yalikuwa yamepangika vizuri. Hayakuacha hata tundu la kupitia.

"Mheshimiwa," akasema, "yaani bwana. Utaratibu unanibana."

Mkurugenzi akatoa kadi yake mpya ya kazi, yenye taswira ile ile rasmi. Mama Navalayo akaishika, akaisogeza karibu na shavu la Mkurugenzi, akalinganisha.

"Hii kadi uliiokota wapi?"

"Ni yangu, mama. Muulize dereva wangu."

Kipyegon akajitokeza. "Ni yeye kabisa. Mimi namwendeshanga kila siku."

Mama Navalayo akasoma kadi iliyoning'inia shingoni mwa Kipyegon. "Wewe ni dereva?"

"Ndiyo."

"Hapa umevaa ya ndege."

Kipyegon akarudi kwenye chombo.

Harufu ya ingokho ilikuwa imeanza kumfikia Mkurugenzi. Akalegeza tai. "Sasa mnataka nifanye nini ndio muamini?"

"Si kitu kikubwa," Mama Navalayo akasema. "Hao matapeli wote wamekula hapa, wakaahidi, wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuleta lori. Sisi tunajua Mkurugenzi wa kweli akisema lori lije, linakuja."

Bwana Shikanga alifungua mdomo kueleza kuhusu awamu ya pili, akaona jinsi akina mama walivyosimama, akaufunga. Alitoa simu, akaweka spika, akaitisha malori. Aliyepokea upande wa pili aliuliza kama vibali vimepitishwa na kamati. "Kamati ni mimi," Mkurugenzi akasema kwa uchungu. Akaandika vibali vya kikundi kizima juu ya boneti ya gari, kimoja baada ya kingine, jasho likidondokea sahihi, Joash akimshikia karatasi zisipeperuke.

Kabla jua halijapoa, malori yakaingia. Wakataji wakashika panga, wakaanzia kwa Mama Navalayo. Mkurugenzi alikaa juu ya jiwe, koti magotini, akiangalia wengine wakila. Hakuna aliyemkaribisha. Waraka ulikuwa wazi kabisa.

Lori la kwanza lilipoondoka limejaa, akainuka, akajipangusa, akamwendea Mama Navalayo.

"Sasa umeamini?"

"Nimeamini, mheshimiwa. Mkurugenzi ni wewe, na asante."

"Basi toa hicho kitu kwa kiti, nile imondo yangu."

"Hiyo haitoki. Ameshawekewa mgeni."

"Mgeni gani? Huo ni ubao, mama. Hausikii."

Mama Navalayo akakaza fundo la leso, ubao usianguke.

"Najua, mheshimiwa. Na bado ndio uliotusikiliza."